Mfiwa Haulizwi Maji

Asubuhi ile nilipoamka, masanduku yaliyokuwa yanawaka Kwamdungu yalikuwa mia mbili themanini na moja. Nilipomaliza kikombe cha uji yalikuwa mia mbili sabini na tisa. Sikuwa nazunguka kijiji kuyahesabu. Namba ilikuwa ukutani jikoni kwa shangazi yangu Nanzia, kwenye kioo cha sanduku lake, na kila nyumba iliyofiwa ilipozima la kwake, namba ilishuka. Ikishuka chini ya mia mbili sabini na tano, koki zote za kijiji zingejifunga.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda analehemu waya wa sanduku la jirani, miwani imemshukia puani. Aliniambia niache kukodolea kile kioo, namba haiongezeki kwa kutazamwa. Ndivyo alivyokuwa. Ungemletea habari kwamba dunia inaisha, angekuuliza kama umeshakula.

Nijitambulishe kabisa, maana huko mbele mtanilaumu, na ni vizuri mkamlaumu mtu mnayemjua. Naitwa Namkunda. Ni mhandisi wa mifumo. Mwaka ule nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, mdomo mrefu, na imani kwamba hakuna tatizo duniani lisilo na namba yake. Mamlaka ya Bonde ilikuwa imenituma kijijini kwetu kulinganisha mitandao miwili ya kugawa maji na kuandika ripoti: upi ubaki, upi ufe.

Maji yenyewe yanatoka kwenye ndiva, bwawa walilolichimba mababu juu ya kijiji, pale milima ya Upare inapoanza. Siku hizi ndiva ina mfuniko wa chuma ili jua lisiinywe, ina ua wa umeme, na mabomba yake yamezikwa kwenye zege, kwa sababu tangu mito ikauke watu wamekatana mapanga kwa ajili ya ndoo. Kila mtu ana lita ishirini kwa siku. Unaweka kiganja kwenye koki, koki inaulizia zamu yako kwenye mnyororo, yaani daftari la kidijitali la maji, mnyororo ukikubali koki inafunguka. Ukikataa, hata uipige nyundo ni kazi bure.

Mnyororo wa Kwamdungu uliitwa Msaragambo, jina la ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu. Nyumba mia nne kumi na mbili, kila moja na sanduku lake la shahidi. Maombi ya maji yanakusanywa fungu moja, kila sanduku linalisoma fungu, linalilinganisha na mafungu yote ya nyuma, kisha linasema ndiyo au hapana. Theluthi mbili zikisema ndiyo, fungu linafungwa juu ya lililotangulia na halichezewi tena milele. Mkubwa hayupo. Huwezi kuhonga, utawahonga wangapi? Uzuri wake ndio huo. Ubaya wake ni kwamba kila fungu lilichukua dakika kumi na nne, na Kwamdungu ilikuwa imefurika watu waliokimbia joto la tambarare, watu elfu tisa kwenye mfumo uliotengenezwa kwa elfu mbili.

Halafu kulikuwa na lile jambo la misiba. Nyumba ikifiwa, sanduku lake linazimwa na kufunikwa kitambaa cheusi mpaka matanga yaanuliwe. Siku tatu. Hilo halikuwamo kwenye mwongozo wa mtambo wowote, walilizua wenyewe, na kwa miaka mingi halikumsumbua mtu kwa sababu nyumba mbili tatu zikizima, mia nne zinabaki.

Wiki ile kiliingia kipindupindu.

*

Kajiru alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Mama yake, Nambike, ni binti wa shangazi, tumelala kitanda kimoja utotoni mpaka tukapeana chawa. Mtoto alianza kuharisha alfajiri. Kufika saa sita mchana macho yalikuwa yameingia ndani na ukimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Maji yetu ya siku ile yote tulikuwa tumemnywesha, tumechemsha, tumemtilia chumvi na sukari, akayatapika. Kisima cha kijiji ndicho kilicholeta ugonjwa, hakuna aliyekisogelea. Kilichobaki kilikuwa zamu ya baba yake Kajiru, lita ishirini nzima hazijaguswa, na Nambike alishaweka kiganja cha mumewe kwenye koki.

Saa saba na nusu, namba ikasoma mia mbili sabini na nne.

Moja tu. Jamani, moja. Nilikimbia nyumba kwa nyumba kwenye jua la nyuzi arobaini na sita nikitafuta mfiwa atakayekubali kuwasha. Wengine walinifungia mlango kwa adabu, wengine bila adabu. Nyumba ya mwisho mtaani kwetu ilikuwa ya Sengondo, fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa umri wangu. Mke wake alikuwa amefariki usiku. Nilimkuta amekaa mlangoni mikono magotini.

Nikamweleza. Nikamweleza kihandisi, na theluthi mbili zangu, nikiwa nahema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada Namkunda," akasema, "mke wangu yuko ndani hajaoshwa. Mimi nitashuhudia nini habari za maji?"

Nikampigia magoti. Sioni aibu kulisema. Shangazi naye akaja, akasimama nyuma yangu, hakumwomba, alimwambia tu kwamba ni Kajiru. Sengondo akainuka, akaingia ndani, akaondoa kitambaa. Nilisikia sanduku likilia mlio wake wa kuamka. Mia mbili sabini na tano.

Kisha tukasubiri dakika kumi na nne.

Kajiru alifariki dakika ya nane. Koki ilipofunguka, Nambike alikuwa amemshika mtoto kifuani na maji yalimwagikia ndoo isiyo na mtu wa kuishika. Sengondo aliisogelea, akaishika, ikajaa, akaibeba mpaka kwa shangazi, akarudi kwake, akazima sanduku lake akalifunika. Ukoo wake ulimsema sana kwa kuliwasha.

Jioni shangazi alizima la kwake. Ndipo nikapasuka. Nilimwambia mila yao ni ya kijinga, inazima mashine kwa ajili ya maiti na kuua walio hai. Nilisema mengi na sauti yangu ilisikika mpaka kwa waombolezaji nje.

Aliniacha nikamaliza. Akaniambia kwamba zamani, kabla ya masanduku, mtu akifiwa walikuwepo majirani wajanja wanaomwendea siku hiyo hiyo na maneno matamu, tubadilishane zamu, niachie mfereji wako, na mfiwa kwa machozi yake anaitikia ndiyo kwa kila kitu, akija kuamka hana maji. Watu wakakaa, wakakata shauri: mfiwa haulizwi maji. Neno lolote la maji linamsubiri. Hata kama kijiji kizima kina haraka, linamsubiri.

"Shangazi, neno hilo limemuua Kajiru."

"Huenda," akasema. "Lakini usidhani liliwekwa na wajinga."

*

Ripoti niliiandika kwa siku nne, kwa hasira, na ilikuwa ripoti nzuri. Bado naweza kuikariri.

Mtandao wa pili uliitwa Mkondo. Mashahidi wake hawakuwa mia nne, walikuwa saba, saba tu, kompyuta zote kwenye jengo moja mjini, na watu saba wenye funguo zake. Fungu la Mkondo linafungwa chini ya sekunde moja. Niliupima kwa maombi elfu tisa kwa mpigo na haukukohoa. Msaragambo kwa mchana mzima ulimudu elfu sita, na foleni juu yake. Mamlaka ilikuwa inataka ndiva ihudumie pia mji mpya wa reli ulioko chini yetu, watu elfu kumi na nane, jumla elfu ishirini na saba. Kwa Msaragambo hilo lilikuwa haliwezekani, na sikupepesa maneno.

Kila anayejenga minyororo hii anajua kanuni yake. Ukitaka wengi washuhudie, utasubiri, maana wengi lazima waambiane. Ukitaka haraka, punguza mashahidi. Na ukipunguza mashahidi, jua umewapa wachache kalamu pamoja na kifutio. Niliyaandika hayo. Nilikuwa mwaminifu kiasi hicho. Nikaandika kwamba kumfuta mtu kwenye Msaragambo kunahitaji nyumba mia mbili sabini na tano zikubali, na kwenye Mkondo kunahitaji funguo tano. Kisha pembeni, kwenye safu ya hatari, nikaandika: ndogo, kwa kuwa wenye funguo watakuwa watu waadilifu.

Ukurasa wa mwisho niliweka pendekezo la kwangu mwenyewe, nikiuona uso wa Kajiru. Shahidi anayezima asiruhusiwe tena kuwafungia wenzake njia. Shahidi yeyote akikaa kimya kwa muda wa saa sita, ahesabiwe amekubali.

Mkuu wangu, Mhandisi Tluway, alisoma ukurasa ule mara mbili mbele yangu. Alisema ndio ukurasa bora kuliko yote. Mkondo ukapitishwa na kipengele changu ndani yake, na kwa kuwa Kwamdungu walidai wawe na mtu wao kati ya wale saba, ufunguo wa saba nikapewa mimi. Kidubwana kama kiberiti, nakivaa shingoni, kina taa nyekundu inayosema niko hewani. Mwadilifu mmojawapo nikawa mimi.

Nami sitausingizia Mkondo. Kwa miaka miwili hakufa mtu Kwamdungu kwa kusubiri koki. Ulikuwa unaweka kiganja na maji yanatoka kabla hujashusha ndoo. Nambike alijifungua tena, mtoto wa kike. Shangazi hakunitupia neno, ila sanduku lake hakuling'oa ukutani. Nalo lilikuwa halina kazi tena, koki zilishaacha kuyasikiliza masanduku, lakini Kwamdungu nzima waliendelea kuyawasha, na wakifiwa, kuyazima. Nilikuwa nawacheka.

*

Mwaka wa tatu vuli haikunyesha. Alhamisi moja Mhandisi Tluway aliniita ofisini, akanimiminia chai mwenyewe, nikajua kuna jambo.

Ningefurahi kuwaambia ni mtu mbaya. Si mtu mbaya. Ana watoto watatu na shinikizo la damu, na alikuwa hajalala. Alinionyesha hesabu ambazo nilikuwa nimeshazifanya kichwani. Ndiva, kwa watu elfu ishirini na saba, ilikuwa na maji ya siku arobaini na mbili. Mvua za masika zilitarajiwa baada ya siku sitini. Ukitoa Kwamdungu, watu elfu tisa, maji yanafika siku sitini na tatu.

Nikamwambia tuwapunguzie wote, lita kumi na tatu kila mtu. Alikuwa ameshawauliza wa afya. Kwa joto hili, kwa lita kumi na tatu, watu hawaoshi mikono, kipindupindu kinarudi pande zote mbili, na walimpa makadirio ya vifo ambayo hakutaka kuyataja kwa mdomo, aliyaandika kwenye karatasi akanisogezea. Nikayasoma, nikairudisha karatasi.

Pendekezo lake lilikuwa kuyaondoa majina ya Kwamdungu kwenye mnyororo kwa siku tisini, na watu wahamishiwe kambi ya tambarare kwa malori. Nikauliza malori mangapi. Yaliyopo ni manne, akasema, mengine yameombwa, na kambi yenyewe bado haijajengwa. Wenye funguo wanne walikuwa wamekubali. Wawili walikuwa wamekataa. Uliobaki ulikuwa wangu.

"Sikuombi uwachukie watu wako, Namkunda," akasema. "Nakuomba uhesabu. Kuhesabu ndiko kulikokuleta hapa."

Nilitakiwa kusema hapana palepale. Nilisema nitafikiri. Akasema kura itafunguliwa Jumatatu.

Nilirudi nyumbani kwangu mjini nikafikiri kweli, mpaka nikachoka. Nikisema hapana, huenda nimeua watoto wa mji wa reli nisiowajua majina. Nikisema ndiyo, nimewafukuza Nambike na mtoto wake, na Sengondo, na shangazi mwenye miaka sabini na nane, kuelekea kambi isiyokuwepo. Na kitu kimoja kikawa kinanirudia. Kwenye Msaragambo swali hili lisingefika popote. Ili kuifuta Kwamdungu ungelazimika kuiuliza Kwamdungu yenyewe, nyumba kwa nyumba. Nililijua hilo nilipokuwa naandika ripoti. Nililiita ucheleweshaji.

Ijumaa mchana Nambike alinipigia. Mama ameanguka jikoni, akasema, na hakuamka.

*

Nilimwandikia Mhandisi Tluway kuomba ruhusa ya msiba. Alijibu ndani ya dakika moja. Pole sana, aliandika, chukua muda wako wote.

Nikafika Kwamdungu Jumamosi asubuhi na gari la mizigo. Turubai lilishafungwa. Sengondo alikuwa ametengeneza msalaba wa chuma, kazi safi, na ndiye aliyelizima sanduku la shangazi na kulifunika. Niliingia chumbani walikokaa wanawake. Wakasogea, nikakaa mkekani. Walinisalimia bila ubaridi na bila uchangamfu. Wote walikuwepo siku ile nilipowapigia kelele, mtoto wa watu yuko ndani hajazikwa, kwamba mila zao ni za kijinga.

Tukakaa. Baada ya muda Nambike akanigusa. Alikuwa anatazama kifuani kwangu, ile taa nyekundu.

"Na hicho cha kwako?" akauliza, kwa upole.

Kitambaa cheusi kilikuwa mkononi mwake. Kipande cha kanga kuukuu ya shangazi.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu nimelisimulia jambo hili mbele ya tume ya uchunguzi na mbele ya mchungaji, na kote nimesema nilisahau. Sikusahau. Nilizijua saa sita zangu, nimezitunga mwenyewe. Nilijiambia kura ni Jumatatu. Nilijiambia leo ni Jumamosi, matanga yanaanuliwa Jumatatu asubuhi, nitawasha kabla. Nilijiambia kwamba nimewatukana watu hawa mara moja kwenye msiba, sitawatukana mara ya pili mbele ya maiti ya mama yao. Yote yalikuwa kweli. Na chini ya yote hayo, nilipobonyeza na ile taa ikafa, nilisikia mwili mzima unalegea kwa raha. Sikutakiwa kuamua kitu tena. Mpaka leo sijui nilikizima kwa heshima au kwa woga, na sidhani kama nitajua.

Nambike akakifunga kile kitambaa shingoni kwangu juu ya ufunguo. Wanawake wakasogea karibu. Mmoja akanishika mkono, nikalia kama ambavyo sikuwa nimelia tangu Kajiru. Saa nane mchana tukamzika shangazi.

Walinieleza baadaye kwamba kura ilifunguliwa Jumamosi ile ile, saa nne asubuhi.

*

Jumapili saa moja watu walienda kuchota. Mimi nilikuwa nafagia uani, kazi ya mfiwa wa kike. Nilisikia kwanza ukimya, maana foleni ya asubuhi Kwamdungu ina kelele kuliko sokoni, kisha nikasikia ile sauti ya koki, sauti ya mwanamke waliyemrekodi mjini, ikirudia neno moja.

"Jina halimo. Jina halimo. Jina halimo."

Niliacha fagio. Nikavuta kitambaa, nikawasha ufunguo palepale nikitembea. Maandishi yakaja. Pendekezo limepita. Kura za ndiyo tano. Shahidi wa saba: amekubali kwa kimya.

Nilimpigia Mhandisi Tluway. Alipokea. Nilimtukana, sitayarudia maneno yenyewe, na alinisubiri nimalize kama shangazi alivyonisubiri siku ile. Nikamwuliza kwa nini hakungoja Jumatatu. Akasema kila siku ni lita laki moja na themanini elfu. Nikamwambia alijua niko msibani.

"Nilijua," akasema. "Mfumo ulifanya ulichouandikia, Namkunda." Akakata.

Kulirudisha jina moja kulihitaji funguo tano. Nilipeleka pendekezo, likapata kura tatu, yangu na za wale wawili; wale wanne walikataa palepale. Malori manne yalikuwa yameahidiwa Jumatano. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema, lakini huo ni msemo wa matumaini. Mimi nilikichimba nikabaki juu, nikiwatazama walioingia.

Kufika saa tatu jua lilikuwa limeshakaza. Watu hawakuondoka kwenye koki. Walikuwa wanarudia kuweka viganja, mmoja baada ya mwingine, wazee, watoto, kila mmoja akidhani labda cha kwake kitakubaliwa. Nambike alimweka hata mtoto mchanga, akambana kale kakiganja kwenye chuma. Jina halimo. Nikawaambia ukweli wote, nimesimama juu ya zege. Niliwaeleza kuhusu ripoti, kuhusu saa sita, kuhusu chai ya Alhamisi. Nilitegemea mawe. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma akauliza kama malori yatakuja kweli.

Sengondo ndiye aliyefikiria. Alikuwa ameshika ndoo ya lita ishirini, akaja nayo mpaka miguuni kwangu.

"Wewe umesajiliwa mjini," akasema. "Weka mkono."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Katika watu wote wale, jina lililokuwemo lilikuwa langu peke yangu. Nikaweka kiganja. Koki ikafunguka chini ya sekunde moja, kama nilivyoipima. Maji yakaanguka kwenye ndoo na watu elfu nzima wakawa kimya wakiyasikiliza, mpaka ndoo ikajaa na koki ikafunga.

Ndoo moja. Tukasimama tunaitazama. Kisha wakageuka wote kunitazama mimi, kwa sababu maji ni ya mwenye zamu, na mwenye zamu ndiye anayegawa, ndivyo ilivyo huku tangu ndiva ichimbwe. Mama mmoja mgeni kutoka tambarare, mtoto wake mgongoni kichwa kimelala upande, akafungua mdomo kuniuliza nianze na nani. Nilimwona mtoto. Nikawaona na wengine nyuma yake. Sikuweza. Nilitikisa kichwa.

Sengondo akaingia kati yetu. Aliinama, akakiokota kile kitambaa cheusi nilichokuwa nimekiangusha, akakikung'uta vumbi, akaniwekea begani.

"Mwacheni," akawaambia. "Amefiwa. Mfiwa haulizwi maji."

Wakaichukua ndoo, wakaketi chini kuizunguka, wakaanza kujadiliana wao kwa wao, nyumba kwa nyumba, taratibu.